Herufi za Mabuti

Nakiri kwamba nilikosea tangu mwanzo: nilidhani shangazi yangu anapenda herufi nene kwa sababu hajapata kuona nzuri zaidi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na msomi akishavaa joho huona kila kitu duniani kinangoja kurekebishwa naye.

Shangazi alikuwa mchapaji wa mabango. Katika kichumba chake chenye harufu ya wino na mafuta ya taa, alipanga herufi za mbao kwenye trei, akazipaka wino kwa rola, kisha akazigandamiza karatasini. Zile alizozipenda aliziita "mabuti". Mistari yake ilikuwa minene, unene karibu sawasawa, na kila mguu uliishia kwenye wayo mpana wa mraba, kama askari aliyeambiwa asisogee. Zilifaa mechi, minada na maonyo ya umeme.

"Ila usiandikie barua," alinionya. "Msomaji ataziba masikio."

Mwaka ule uwanja wa michezo ulipata meneja mpya, naye akataka kazi ya mabango ihamie kwenye duka la kompyuta. Bila kazi ile, shangazi angefunga. Nikajitia ujuzi: nikamshawishi achape sampuli mbili za kumwonyesha meneja, moja ya mabuti, nyingine ya herufi nyembamba nilizozichagua mimi.

"Mwanangu, hizi zina njaa," alisema. Akachapa hivyo hivyo.

Meneja alipofika, shangazi hakuacha desturi yake. Kila bango lilisomwa kwanza na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, aliyetaniana naye kwa miaka ishirini. Habari za meneja, bila shaka, zilikuwa zimeshavuka barabara kabla yake. Shangazi akabandika bango langu ukutani nje. Sisi tukasimama mlangoni.

"We mshona kandambili! Unasoma nini?"

Fundi akakunja uso, akapandisha miwani, akaishusha. "Naona karatasi safi, bibie! Leo umesahau wino?"

Likabandikwa la mabuti.

"FAINALI! JUMAMOSI! SAA KUMI!" Wapita njia wakageuka. "Na huyo mgeni wako mwambie suruali yake imeachia mshono!"

Meneja akajipapasa nyuma, akaangua kicheko, akampa shangazi kazi ya msimu mzima. Mimi nikalikunja bango langu polepole, nikijiuliza miaka yote ile chuoni nilifundishwa nini hasa.

Shangazi alichapa miaka tisa zaidi, hadi alipochoka mwenyewe. Wiki aliyofunga nilipeleka viatu kwa fundi, nikamshukuru kwa somo alilonipa siku ile.

"Bango lako nililisoma lote," alisema bila kuinua kichwa, "hata namba ya simu pale chini. Sasa shangazi yako angefunga, mimi ningezozana na nani?"