Utani wa Koko Pale Ixelles

Bantu banasema wivu ni ugonjwa. Bon, basi mimi ni mugonjwa, na dawa sitaki.

Jina yangu ni Émérance, mutoto wa Bukavu. Nakaa Forest, huku Ulaya, na kazi yangu ni kuosha na kulisha bazee ba Uccle. Muntu mwenye ninamuonea wivu ni Severina, Mutanzania, muke ya mukubwa moja wa ambassade yao. Kitenge yake haijakunjana hata siku moja. Kila Jumamosi, ndani ya salle ya parokia nyuma ya Chaussée d'Ixelles, anafundisha batoto betu Kiswahili. Batoto betu! Kiswahili! Kama vile siye tulikuwa tunabweka.

Musikilize vile ilianza. Mu 2003, Michelle yangu alikuwa anaanza masomo, mwalimu wake, madame moja muzungu, akaniita. Akasema mutoto anachelewa juu ya ile lugha yenu ya nyumbani, donc kuanzia leo Kifaransa tu. Alikuwa ananiongelesha polepole na kwa nguvu, vile banaongelesha kiziwi, na mimi Kifaransa nilisomea kwa bamasista kabla yeye hajaota meno! Lakini nilikuwa mukimbizi, karatasi bado, ningebisha na nani? Nikameza Kiswahili yangu. Hata kwa tram, mama yangu akipiga simu toka Bukavu, nilikuwa nafunika kinywa na shali.

Mutoto akakomaa, akaanza kutafuta kwao. Akapatia wapi? Kwa Severina! Siku moja ananiingilia nyumbani na "Shikamoo, mama." Namujibu, "Ee, umekula?" Akacheka. "Maman, mama Severina anasema Kiswahili yetu ni ya kuvunjika."

Ya kuvunjika! Muzungu alinifunga kinywa, sasa mweusi mwenzangu ananifunga tena, mu nyumba yangu, na kinywa ya mutoto nilizaa mwenyewe. Roho iliniuma, weee! Nilikuwa naosha migongo ya bazee nikimusemesha Severina moyoni: nirudishie mutoto yangu.

Mu 2014 mama yangu akatutoka kule Bukavu. Tukafanya matanga mu salle ile ile. Kwetu, mujukuu anasimama kutania koko yake mwenye kufa. Anamutukana kwa mapendo, anamudai vitu, mpaka bantu bacheke na machozi ikiwa kwa mashavu. Bila ile utani, koko ameenda bila kuagwa. Na huku Ulaya mujukuu ni Michelle peke yake. Nikamuambia kuja, nikufundishe. "T'inquiète, maman. Mama Severina ameshanisaidia. Anasema mizaha msibani si ustaarabu."

Siku ya matanga Michelle akasimama. "Marehemu bibi yetu mpendwa, aliyetangulia mbele za haki, alikuwa mcha Mungu na nguzo ya familia..." Laini, kama habari ya radio. Papa Polycarpe, mwenye kuongoza matanga, akainamia Severina. "Maman, mutoto wako anasema muzuri."

Mutoto wako! Na mimi mufiwa niko pale, kilemba ya matanga kwa kichwa! Severina akatabasamu tu. Hakumurudisha.

Hotuba ikaisha. Bantu bakangoja. Hakuna mwenye alicheka, hakuna mwenye alilia. Bamaman bakaanza kuangaliana.

"Na utani?" Papa Polycarpe akauliza.

Michelle akaangalia Severina. Severina akaangalia viatu vyake. Ndipo mutoto akazungusha macho mu salle yote, akanitafuta mimi. Nikamuacha angoje kidogo. Ndiyo, nilimuacha! Alafu nikakumbuka sambaza, tule tusamaki tudogo mama alikuwa anapenda sana, nikapaza sauti toka mukeka yangu: "Ee koko, munyimi wa sambaza!"

"Ee koko," Michelle akarudilia, "munyimi wa sambaza!"

"Ulikuwa unaificha chini ya kitanda!"

"Ulikuwa unaificha chini ya kitanda, mpaka paka ndiyo ilikuwa chef wa nyumba!" Ile ya paka sikumupatia mimi. Akaendelea peke yake. "Na perruque yangu? Kila simu, koko, perruque, perruque. Nikakutumia. Alors unaenda nayo wapi? Malaika bakuone na nywele ya muntu? Rudisha! Rudisha, koko, ukuje uivae mbele yangu, hata mara moja..."

Hapo sauti ikakatika. Salle yote ikacheka, ikalia. Papa Polycarpe anajipiga mapaja: "Yesu wangu! Huyu ni mutoto wa nani, huyu?"

Michelle akajipangusa pua na mukono, akanionyesha na kidole.

"Wa ule pale. Ule mwenye Kiswahili ya kuvunjika."

Nikalia vile sikulia hata siku banaleta habari ya kifo. Severina akainama pembeni yangu. "Pole sana, Mama Michelle," akanipatia mouchoir yake, safi, imepigwa pasi.

Niliikataa. Nilijipangusa na kilemba yangu.