Picha Iliyochapwa kwa Upawa

Kwenye mkutano wetu wa wachapa picha pale Tumbi, mashine ya kuchapia, iliyoagizwa ng'ambo, iligoma asubuhi ile ile ya maonyesho. Mtaalamu wake alizungusha mpini mpaka jasho likamtoka, wapi! Mzee mmoja, mkulima wa korosho kutoka kijiji cha Masaki, alikuwa amechonga ubao wake wa kuchapia miezi mitatu, picha ya mwanamke anatwanga muhogo, na alikuwa hajachapa hata nakala moja.

“Pole, mzee,” bwana wa ofisi iliyoandaa maonyesho akamwambia. “Bila mashine hakuna picha. Mgeni rasmi anafika saa nne.”

Mzee akaenda jikoni, akarudi na upawa wa kifuu, mpishi nyuma yake akilalama.

“Babu, nina maharage motoni!”

“Subiri, mwanangu.”

Akaupaka ubao wino, akalaza karatasi juu, akaisugua kwa mgongo wa upawa taratibu, kama anakanda mtoto mchanga. Alipoibandua, mwanamke alitokea mzima, mpaka mikunjo ya kanga.

Bwana wa ofisi akaitundika, na chini yake akabandika kadi iliyokwishaandikwa: “Imechapwa kwa mashine.”

Nikainuka nipinge. Sijafungua mdomo, mzee akaishika picha yake.

“Andika upawa, la sivyo naishusha.”

“Lakini mzee, kadi zote zinafanana.”

“Kazi hazifanani.”

Bwana wa ofisi akafuta “mashine”, akaandika “upawa”. Mgeni rasmi alipofika hapo akasoma, akamgeukia bwana wa ofisi.

“Upawa huu tumeuagiza nchi gani?”

Tukatazamana kwanza, tujue kama tumeruhusiwa kucheka. Mzee peke yake hakungoja ruhusa.