Nilimfukuza Shemeji Yangu kwa Doa la Kwenye Simu

Nimekosa mimi. Sina wa kumsukumizia, na sitaki mtu anihurumie kabla hajasikia nilichofanya. Nimemng'oa shemeji yangu kwenye ardhi ya baba yake kwa sababu ya doa jekundu la kwenye simu. Doa! Dogo kama punje ya mtama!

Naandika kwa mkono wangu. Niliishia darasa la nne, lakini kusoma najua, kuandika najua, na kichwa changu hakijawahi kuwa kizito. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Natoka upande wa Tinde, huko ndani, mbali na lami. Mume wangu alifariki zamani. Aliniachia shamba la pamba, ng'ombe wachache na mdogo wake mmoja, ambaye hapa nitamwita Baba Kulwa. Yeye na mimi tulikuwa na ngitili moja ya familia. Kama wewe si wa kwetu, ngitili ni eneo la malisho ambalo mnalifunga mvua zikianza. Ng'ombe hakanyagi humo mpaka kiangazi kiwe kikali na nyasi za nje ziishe, ndipo mnafungua. Mlinzi wake alikuwa Baba Kulwa. Kila asubuhi anaizunguka na fimbo yake kama askari. Mbuzi wa jirani akiingiza mdomo tu, utasikia kelele.

Sasa sikilizeni.

Mjukuu wangu wa kwanza, nimwite Pendo, yuko chuo anasoma mambo ya miamba na madini. Mtoto wa kike! Katika ukoo wetu ni yeye wa kwanza kufika huko, na mimi nikienda gulioni lazima nimtaje. Mtu anauliza bei ya nyanya, mimi namjibu kuhusu Pendo. Alipokuja likizo, tukiwa tunamenya karanga, akanisogezea simu yake.

"Bibi, angalia. Hii ni kanzidata ya wazi."

"Kanzi nini?"

"Kanzidata. Ni kama daftari kubwa lililoko mtandaoni. Mashimo yote waliyochoronga kutafuta mali ardhini yameandikwa humu. Haya ya kule pwani ya kusini ni visima vya gesi. Haya ya huku kwetu ni ya dhahabu na almasi. Mtu yeyote anafungua, anaangalia."

"Mtu yeyote? Hata mwizi?"

Akacheka. "Hata mwizi, bibi."

Mimi sikucheka. Nilijiuliza, ni nani huyu anayegawa siri za ardhi bure? Anataka nini kwetu?

Pendo akavuta picha kwa vidole mpaka nikakiona kijiji chetu kwa juu, kama mwewe anavyokiona. Nikaliona bati langu. Nikaliona na bafu langu lisilo na paa. Nikashtuka! Kumbe tukioga wanatuona! Halafu nikaiona ngitili yetu, kijani kibichi katikati ya ardhi kavu. Na ndani yake, doa jekundu.

"Hapo pana nini?"

"Shimo la utafiti. Lilichorongwa zamani, hata mimi sijazaliwa."

"Ndani ya ngitili yetu?"

"Ndivyo inavyoonyesha. Lakini bibi, hizi za zamani wakati mwingine..."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Hapa haisemi."

Ile "wakati mwingine" yake sikuisikiliza. Laiti ningemwacha yule mtoto amalize kusema! Mimi tayari nilishampata mtu wangu.

Kwani nani analinda ngitili? Baba Kulwa. Kwa nini anawafukuza hata wanawake wanaookota kuni? Kwa nini ana nyumba mbili za bati na mimi nina moja? Kwa nini mwaka ule alikwenda Geita mara mbili, eti kumsalimia binti yake aliyeolewa huko? Binti gani anasalimiwa mara mbili kwa mwaka! Na kwa nini watu wakianza stori za dhahabu yeye anakohoa? Nikasema, kumbe! Huyu halindi nyasi. Analinda shimo.

Nikamdanganya Pendo. Nikamwambia ile picha naitaka niibandike ukutani, nijivunie masomo yake. Akafurahi, maskini. Akaenda steshenari Tinde wakamchapia kwa rangi. Siku ya tatu akarudi chuoni, akaniachia silaha mkononi bila kujua.

Baba Kulwa mwenyewe sikumuuliza. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote. Nyumba yake na yangu ni mwendo wa kupeleka moto bila kuzimika. Ningekwenda nikakaa, nikanywa uji wake, nikamuuliza. Nilipita mlangoni kwake, akaniamkia vizuri, nikamwitikia vizuri, nikanyoosha kwa mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji.

Ikaitishwa dagashida, mkutano wetu wa jadi wa kijiji kizima, kwenye uwanja wa mnada. Nikasimama na karatasi yangu.

"Mama, hiyo karatasi imetoka wapi?" mtemi akauliza.

"Serikalini!" Nilidanganya tena, maana hata mwenye daftari lile sikumjua.

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliishika juu chini, akasema, "Eeh, shimo naliona! Refu hilo!" Watu wakaguna. Nami nikavimba kichwa.

Mtemi akamgeukia shemeji. "Baba Kulwa, shimo hili unalijua?"

Akaegemea fimbo yake. Halafu akasema, "Shimo nalijua. Lakini kwenye ngitili halipo."

"Sasa liko wapi?"

Akaniangalia mimi, siyo mtemi. "Shemeji, hilo shimo liache."

"Niliache ili uendelee kula peke yako?"

Uwanja mzima ukacheka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, nami nikaona nimesema la maana! Mtemi akauliza mara ya pili, akauliza mara ya tatu. Baba Kulwa akafunga mdomo. Na kwetu, mtu akikataa kuijibu dagashida, hilo nalo ni kosa. Wakamtenga. Asisalimiwe, asiazimwe jembe wala moto, mke wake achote maji wenzake wakishaondoka. Mpaka aseme.

Nilijua hamalizi siku tatu. Alikaa wiki tatu.

Siku moja nilikutana na Mama Kulwa njia ya kisimani, ndoo tupu kichwani, midomo imempasuka. Akasimama mbele yangu. "Dada, umefurahi?" Sheria ilisema asijibiwe. Nikampita kama napita kisiki. Mwanamke aliyenipokelea watoto wangu wawili wa mwisho kwa mikono yake! Nikampita!

Wiki hiyo wakahama. Ng'ombe walitangulia kwa miguu, vyombo vikapakiwa kwenye lori, wakaenda upande wa Chato kwa kaka zake Mama Kulwa. Mimi nilichungulia dirishani nikasema, mnaona? Mwenye haki hakimbii.

Kumbe kule uwanjani kuna mtu aliipiga picha ile karatasi, akaituma anakojua yeye. Haikupita muda, wakaja wachimbaji kutoka Geita, na makoleo na nyundo na mahema ya turubai. Rashi! Wao mahali panaposemekana pana dhahabu watu wakakimbilia, wanapaita rashi. Walikata miti, walichimba ngitili yetu kama kuku anavyochakura jalala. Nikawafokea, wakanionyesha picha ya karatasi yangu mwenyewe kwenye simu zao.

Hawakupata kitu. Mmoja wao akiondoka akaniambia, "Bibi, umetuita tuje kuchimba mawe ya kujengea!" Wakacheka, wakapanda pikipiki. Mashimo wakayaacha wazi. Ng'ombe wangu wa maziwa aliingiza mguu humo ukavunjika. Nikamchinja nikilia.

Pendo akarudi likizo nyingine. Akasimama kwenye ukingo wa ngitili.

"Bibi, umefanya nini?"

Nikamweleza. Akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za chuo.

"Bibi, nilitaka kukwambia. Wapimaji wa zamani na simu za sasa hawaanzi kuhesabu mahali pamoja. Ukichukua namba za zamani ukazitupa kwenye ramani ya sasa bila kuzigeuza, doa linahama. Huku kwetu linahama kama viwanja vitatu vya mpira. Pale chini ya ramani wameandika tahadhari."

Nikaitoa karatasi. Ni kweli yalikuwepo maandishi chini, madogo kama mayai ya chawa, tena ya Kizungu. Hata macho yangu sikuyapitisha hapo.

Akafanya hesabu zake kwenye simu, akaanza kutembea, mimi nyuma. Tukaitoka ngitili. Tukavuka korongo. Mwanangu, tukaingia kwenye shamba langu la pamba! Akasimama pembeni, penye donge la saruji lenye bomba lililozibwa katikati. Akafuta udongo kwa kiganja. Pana namba ya shimo imechorwa. Akaangalia simu, akaangalia saruji. Namba ni ileile.

Lile donge nalijua! Nimelikalia miaka yote nikipumzika kuchuma pamba! Marehemu mume wangu aliniambia hiyo ni alama ya wapima barabara, mali ya serikali, nisichimbe karibu. Nami nikaamini. Mimi, ninayemshuku hata muuza chumvi, hilo niliamini.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyewahi kuwachotea maji wale wachorongaji. Akaniambia bila kunitazama usoni. "Walikuja ukiwa umekwenda kwenu kujifungua. Mumeo ndiye aliyewakaribisha. Walimpa kifuta jasho, akakimaliza chote vilabuni Tinde, na wewe uko na kichanga. Akaona aibu. Akatuapisha mimi na mdogo wake, usijue mpaka unakufa."

"Na siku ya dagashida ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza?"

"Baba Kulwa aliniangalia nikanyamaza."

Mnaelewa? Yule mwanaume alisimama mbele ya watu, jina la kaka yake liko kwenye ulimi, akalimeza. Angesema neno moja tu, mimi ndiye ningeaibika. Akakubali kutengwa, na mke wake, na watoto wake. Na mimi nikauchekesha uwanja mzima juu yake.

Nilirudi mwenyewe kwa mtemi. Nikasema yote mbele ya watu walewale. Wakanitoza dume la ng'ombe, wakatangaza kuwa Baba Kulwa ni huru. Huru! Wakati nyumba yake ina popo.

Nikapanda basi mpaka Geita, nikabadilisha mpaka Chato. Nilimkuta analima mihogo kwenye kipande cha ardhi ya kuazima. Hakunifukuza. Walinichinjia kuku. Mama Kulwa aliniletea maji ya kunawa, akapiga magoti kama tulivyofundishwa. Nami nikapiga magoti, na umri wangu huu, nikawaambia kila kitu. Mpaka nilivyochungulia dirishani siku wanaondoka.

Baba Kulwa akasema, "Nimesikia. Nimesamehe."

"Sasa turudi nyumbani, shemeji."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mama, kule watu walinipita njiani kama sipo. Wote. Na wewe ukiwa wa mbele. Nikirudi nitamwamkia nani?"

Mama. Hivyo ndivyo alivyoniita, kama unavyomwita mwanamke yeyote uliyekutana naye stendi. Kuku wao nilimla, lakini sikujua ladha yake.

Asubuhi alinisindikiza kwenye basi, akanibebea mkoba. Nikiwa dirishani nikamuuliza, "Siku nikifa, utakuja kunizika?" Maana katika ukoo ule hakuna ndugu mwingine wa mume wangu aliyebaki wa kuniwekea udongo. Akasema, "Watanipigia simu." Basi likaondoka. Hadi leo sijui hilo lilikuwa ndiyo au hapana.

Mvua zimeanza. Ngitili haikufungwa, ya kufunga haipo. Mbuzi wa kijiji kizima wanaingia wanavyotaka na mimi sina pumzi ya kuwakimbiza. Pendo haleti tena simu yake karibu yangu. Anasema ramani haikunidanganya, nilijidanganya mwenyewe. Sawa. Ingawa mimi bado siipendi. Bado najiuliza aliyeiweka wazi vile alimfikiria bibi kama mimi au hakumfikiria.

Lakini siyo ramani iliyonipeleka uwanjani. Ni roho yangu mbaya.

Ndugu zangu, wamama wenzangu hasa! Ukionyeshwa ardhi yako kwenye simu, mwache anayejua amalize sentensi yake. Nenda pale na miguu yako. Halafu nenda kwa ndugu yako, mkae wawili, umuulize kwa sauti ya chini. Akinyamaza, usikimbilie kusema anaficha dhambi yake. Rudi kwako ukae ufikiri. Pengine aibu anayoificha ni ya nyumba yako.