Nilipeleka engine oil ya van yetu maabara ili niongeze kilomita, majibu yakanipeleka kwingine

Wakuu, hamjambo huko mliko? Mimi niko Ukunda. Nimeona ubishi wa engine oil humu, huyu anasema kilomita elfu tano, yule elfu kumi, nikaona nieleze yaliyonipata. Sina mafuta ya kumuuzia mtu, na sitatia chumvi.

Naendesha van ya diesel ya kikundi chetu. Kazi yake kubwa ni kuwachukua wagonjwa wa figo kutoka upande wa Majoreni, kuwapeleka dialysis, yaani kusafishwa damu kwa mashine, Msambweni, kisha kuwarudisha makwao.

Tulikuwa tunamwaga oil kila kilomita elfu tano. Kwa safari zetu, hizo zinaisha upesi mno.

Tatizo ni hili: van ikiingia garage, wagonjwa hawana gari.

Siku moja service iliangukia siku ya dialysis. Bi Mwanasiti, mmoja wa wagonjwa wetu, mama mtu mzima mwenye maneno ya kuchekesha, akaenda kwa bodaboda. Nilipomwona jioni miguu ilikuwa imevimba na hakuwa na neno hata moja la mzaha. Alinishika mkono tu akasema, "Nimefika, baba. Lakini leo nimechoka."

Neno hilo lilinikaa.

Nikamwendea Fundi Bakari, ndiye anayetutengenezea gari tangu mwanzo.

"Shikamoo fundi. Hivi hatuwezi kufika hata elfu saba?"

"Marahaba. Mafuta yenyewe umeyaona yalivyo meusi?"

"Meusi nimeyaona. Lakini weusi ndio kuharibika?"

"Mimi nilifundishwa hivyo. Kusema kweli, sijawahi kuyapima."

Jibu hilo nililipenda. Sote wawili hatukujua, na sote tukataka kujua.

Nikaulizauliza kwa watu. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akaniambia kule oil haimwagwi kwa kukisia. Huchukuliwa kidogo, hupelekwa maabara, majibu ndiyo huamua. Akanielekeza Mombasa kuna wanaopokea hata za magari madogo. Wallahi sikuwa najua.

Kuchukua sample nako kuna adabu yake. Injini iwe moto. Chupa iwe safi na kavu. Usichukue matone ya kwanza wala ya mwisho, maana uchafu wa chini utakudanganya. Andika oil ni aina gani, imetembea kilomita ngapi, na injini ina umri gani.

Tulichukua yetu siku ya service ya kawaida, nikaipeleka Mombasa mwenyewe. Kwenye feri niliipakata kama yai, nikiogopa isimwagike.

Majibu yakaja kwenye email. Nikafungua mbio.

Oil nzuri! Uzito wake uko sawa, uwezo wake wa kupambana na asidi bado upo, masizi ni ya kawaida. Yaani ule weusi ulikuwa hautuambii kitu. Nikaanza kutabasamu.

Kisha nikashuka chini ya ukurasa. Silicon iko juu. Chuma nacho kimepanda. Na maelezo: msiongeze kilomita kwa sasa.

Nikapiga simu maabara. Akapokea dada mmoja mpole.

"Injini imefunguliwa karibuni?" akauliza. "Kuna gasket maker mpya, ile gundi ya silicone ya kuzibia injini?"

"La, haijaguswa."

"Basi hiyo silicon ni vumbi, kaka. Injini inavuta vumbi, na vumbi linakula chuma. Angalia njia ya hewa yote, usiishie kwenye filter."

Nikawaza van ikizimika katikati ya njia na wagonjwa wangu ndani.

Kwa Fundi Bakari tukafungua. Air filter mpya, imekaa vizuri. Box lake halina ufa.

Akauchomoa ule mpira unaotoka kwenye filter kwenda kwenye turbo, akapitisha kidole ndani. Kikatoka na vumbi jekundu, laini kama poda. Kumbuka, hapo ni baada ya filter. Hapakutakiwa kuwa na vumbi hata chembe.

Akaukunja ule mpira. Upande wa chini, usioonekana ukifungua bonnet, kukafunguka ufa mrefu kama mdomo.

"Subhanallah," akasema. "Na sote tunapita hapa kila siku."

Tukabadilisha mpira na clamp zake, tukamwaga oil, tukatia mpya. Service iliyofuata tukapima tena. Silicon ikashuka sana, na chuma kikafuata. Tukapima mara nyingine, hali ikawa nzuri, ndipo maabara wakaturuhusu kusogea taratibu. Sasa tuko elfu saba, na tunaendelea kupima. Fundi siku hizi huniuliza majibu kabla hajashika spana.

Bi Mwanasiti nilipomsimulia alicheka hadi akajifuta machozi. "Kumbe na gari nalo hutolewa damu! Mwambie avumilie sindano."

Wakuu, nilichojifunza: rangi ya oil haitoshi kuamua. Na kilomita za mwenzako ni za mwenzako, kwa barabara zake na injini yake. Kinachonitisha hadi leo ni kwamba nilichokuwa nakidhania kuhusu oil, kwamba weusi si kuharibika, kilikuwa kweli. Ningekifuata bila kupima, ningeongeza kilomita huku injini inakula vumbi, nami nikijiona mjanja.

Sasa nina hamu ya kujua zaidi. Wenye malori ya Mackinnon Road, silicon yenu inasomaje? Na wenye taxi za Diani, za safari fupi fupi ambazo injini haipati hata kuchemka vizuri, oil yenu inachoka mapema? Aliyepima aseme, na ambaye bado, aanze kwa kukunja ule mpira atazame chini yake.