Mufereji wangu umefika kwa mama mukwe

Jamani, leo mvua imenitia haya mbele ya mama mukwe.

Nyumba yangu ni ya matofali mabichi. Maji ikilala chini ya ukuta, unaanguka. Basi nikachimba mufereji nyuma ya nyumba, muzuri kabisa, nikajisifu hata.

Asubuhi mvua ikapiga. Kwangu kukavu! Niko mulangoni nacheka, nasikia kelele kule chini:

"Mukwe! Maji iko jikoni!"

Mama ya muke wangu anakaa chini ya kilima. Mufereji wangu ulikuwa unaishia kwake.

Nikakimbia na jembe. Nikafika mulangoni, nikasimama.

Kwetu mwanaume haingie jikoni ya mama mukwe, munajua. Yeye ndani anateka maji na sufuria, mimi inje nimegeuza uso, napiga tu kelele: "Pole mama! Pole!"

Akatoka na mukeka ku kichwa, unachuruzika.

"Mukwe, kwako ndiko kukavu. Leo nalala kule."

Kwangu iko chumba kimoja!

Nikiziba mufereji, ukuta wangu unaanguka. Nikiuacha, mama mukwe anahamia kwangu.

Na wingu jeusi linarudi upande wa Lusangi.

Mujibu haraka, jembe iko mukononi.