Kituo cha Mkaanga Kahawa

Siku ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, ni Jumatano moja ya mwezi wa nane, miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa na kila mwenye gari na mizani akaruhusiwa kupanda huku milimani kununua. Leo naikumbuka zaidi kwa sababu jana umenijia na yule mnunuzi wa vyuma chakavu, mkaniuliza kwa nini mimi peke yangu sitaki lile lori la pale kona likatwe. Kaa nikueleze. Mimi nitasimama, nikikaa sana miguu inaniwasha.

Lori lile lilikwama pale nikiwa bado mtoto, likitoka ziwani Lituhi. Dereva alisema anakwenda Songea kutafuta spea, na mpaka leo hajarudi. Labda bado anachagua. Watu hawakumngoja. Rimu moja ilitundikwa kanisani ikawa kengele. Kiti cha dereva kilihamia kibandani kwa Mzee Eusebius, fundi baiskeli, aliyefungua kazi yake pembeni ya lori lenyewe. Ndani ya injini mtu alipanda boga, likatambaa likatokea dirishani, na mvua zikinyesha unaona maua ya njano yanachungulia barabara. Bodi la chuma lilikuwa limedondoka chali, pana, limetulia kama meza ya arusi. Mgeni akiuliza njia aliambiwa afike kwenye lori, kisha akate kushoto. Kuku, watoto na wanaokimbia mvua, wote walikuwa na kazi nalo.

Nami nikajitafutia kazi nalo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikwisha kufariki, nyumbani tulibaki mama, mimi na mdogo wangu Oresta. Oresta alikuwa kidato cha pili kwa masista kule Mbinga, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sketi ya sekondari. Wiki ile alirudishwa nyumbani kufuata ada, na sanduku lake la bati lenye jina lake kwa rangi nyekundu. Aliambiwa asiporipoti Jumatatu, nafasi yake atapewa mwingine. Tegemeo letu lote lilikuwa kahawa ya msimu ule. Tulikuwa tumeimenya, tumeiosha, na ilikuwa na siku nne tu juu ya kichanja cha kuanikia, nayo hutaka kama wiki mbili ikauke.

Unajua mwezi wa nane huku kwetu. Ukungu hauondoki mpaka saa nne, jua linakuja kama mtu aliyelazimishwa. Nilikuwa nikiamka naenda kichanjani, narudi, naenda tena. Nilizibana punje kwa meno mara ishirini kwa siku, kana kwamba meno yangu yangezikausha. Oresta alikaa mlangoni na sanduku lake, na kila nilipompita nilihisi ananiuliza.

Jumanne asubuhi mama alijifunga kanga kwa safari.

"Kandi, mimi nakwenda shuleni kuomba siku. Wewe geuza kahawa. Jua likiwa kali ifunike, jioni ifunike tena. Usiongeze lako."

"Na wakikataa, mama?"

"Wakikataa nitajua mimi. Kahawa haijui Jumatatu."

Akaondoka. Kumbe jana yake mnunuzi mmoja mwenye pikapu nyekundu alipita akitangaza kwamba Jumatano anapita mara ya mwisho, kisha anatelemka Songea. Maneno hayo yalinikaa kichwani kama nzi. Mama hakurudi mchana. Nikaona nisipofanya kitu nitapasuka.

Nikakumbuka bodi la lori. Saa saba mchana, hata mwezi ule wa baridi, huwezi kuweka kiganja pale juu. Nikabeba kahawa kwa ndoo, safari baada ya safari, nikaimwaga yote juu ya chuma na kuitandaza kwa jembe. Ilianza kulia tiki, tiki, tiki. Nikafurahi, mwanangu! Nilidhani ndiyo sauti ya kukauka.

Mzee Eusebius alinitazama kutoka kibandani kwake, spana mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hiyo kahawa unataka kuiuza au unataka kuinywa?"

"Jua ni lile lile, baba."

"Jua ni lile lile," akasema. "Kitanda sicho."

Nikacheka. Kijana akiwa na haraka, kila mzee kwake ni mvivu. Siku ile na kesho yake nikaipika kahawa yetu juu ya kile chuma kilichokunywa dizeli na mafuta ya breki kwa miaka mingi, na Jumatano saa nane pikapu nyekundu iliposimama, mimi nilikuwa wa kwanza mbele ya mizani.

Yule bwana alichota kiganja kimoja. Akakitazama, akanusa, akabana punje moja kwa meno, akatema.

"Kijana, umeikaanga?"

Akanionyesha. Ganda limepasuka, punje imepauka kwa nje, na ndani bado ina maji. Harufu ilikuwa ya gereji. Wenzangu waliokuwa na magunia yao wakaangua kicheko, na mmoja akasema kwa sauti, "Mkaanga Kahawa!" Jina likashika palepale. Pikapu ikapakia kahawa za wengine, ikaondoka, yangu ikabaki chini.

Nilikuwa bado nimesimama pale mama alipotokea kwenye kona, anatembea upesi, uso umechangamka. Alianza kufungua pindo la kanga kabla hajafika. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Sista mkuu alikuwa amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi.

Kisha akaiona kahawa. Akachota kidogo, akaipeleka puani. Hakunipiga, na hakunitukana. Ningeshukuru angenipiga.

"Siku nimezipata," alisema polepole. "Za kungojea nini sasa?"

Akaikunja ile karatasi, akairudisha kwenye pindo, akashika njia ya nyumbani. Mimi sikuweza kumfuata. Mzee Eusebius akaja akaketi juu ya bodi lile la chuma, akanionyesha niketi naye. Lilikuwa bado la moto.

"Unajua hili lori lilifikaje hapa?" akaniuliza. "Siku ile barabara ilikuwa tope. Tulimwambia dereva alale, kesho itakauka. Akasema yeye ana haraka, mzigo unangojwa. Basi tazama, Kandi. Mwenye haraka ndiye huyu hapa mpaka leo. Hajafika bado."

Kahawa ile tuliipeleka kuuzwa kwa daraja la mwisho, ikatosha chumvi na sabuni. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita. Oresta hakurudi shule. Baadaye aliolewa Kihagara, akaanza kuuza usipa, dagaa wa ziwa letu, na hajawahi hata siku moja kunisema. Maji yakimwagika hayazoleki, nayo maji yale hayakuwa yangu.

Usiniambie haraka haraka haina baraka. Methali hiyo niliijua siku ile ile, ilikuwa imeandikwa kwenye kanga ya mama. Kujua hakukunisaidia. Mimi nakuambia hivi: wasiwasi si dhambi, hata mimi mzee bado ninao, si unaona nimesimama? Ukikushika, tembea. Pasua kuni, palilia, gombana na mbuzi. Lakini mikono yako isiguse kitu ambacho hakijatimiza siku zake, hasa kikiwa kimebeba maisha ya mtu mwingine. Na mtu aliyekwenda kukuombea muda, mngoje arudi. Huenda ameupata.

Yule mnunuzi wako wa vyuma naye amekwambia anaondoka kesho, siyo? Husema hivyo wote.

Siku hizi mabasi yanapishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka kwenye kona ile, na kondakta hasemi tena "kwenye lori." Anapaza sauti: "Mkaanga Kahawa, washukao!" Kila Krismasi shangazi yenu Oresta hupanda kutoka ziwani kuja kuniona. Mimi huwa nimekwisha fika pale tangu asubuhi, naenda narudi kando ya lori, na basi likikaribia nasikia sauti yake mwenyewe dirishani, anacheka: "Konda, nishushe kwa Mkaanga Kahawa!" Anashuka na sanduku lile la bati, limejaa usipa, na jina lake bado linasomeka. Nalipokea, nalibeba kichwani mpaka nyumbani. Yeye hucheka njia nzima. Mimi mpaka leo sijaweza.

Kwa hiyo lori liacheni. Mkilikata, dada yangu atashukia wapi?

Haya, nenda. Mungu akupe mikono mitulivu hata moyo ukienda mbio, na kahawa yako ikauke kwa siku zake.