Msimamizi Aliyetufukuza Twende Nyumbani

Nilikuwa Maili Moja wiki iliyopita, nasubiri fundi amalize viatu vyangu, simu ikaita. Ni mwenzangu wa zamani kazini. "Dada ametutoka," akasema, basi. Hakuhitaji kutaja jina. Sisi tuliopitia mikononi mwake katika kile kiwanda cha madaftari hapa Kibaha tulikuwa na dada mmoja tu, msimamizi wetu, mwanamke wa Upareni mwenye sauti ya chini. Tumemzika Gwata, alikohamia kulima baada ya kustaafu.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kushika kalamu nilishika mashine ya kukatia karatasi. Shule zikikaribia kufunguliwa oda zilifurika, nasi tukabaki kazini hadi jioni, hata Jumapili. Aliyetaka kulipwa saa zake za ziada alilipwa, na aliyetaka ofu, siku ya kupumzika badala ya pesa, alipewa ofu. Wasimamizi wengine walizoea kusema "tutaangalia". Dada alikupangia siku palepale, na ikifika alikufukuza uende.

Mwaka mmoja ofu zangu ziliangukia msimu wa korosho. Kwetu ni Kurui, kule Kisarawe, na baba alikuwa ameniomba nikamsaidie kuokota. Siku moja kabla ya safari, bosi akaingia na oda mpya.

"Huyu haendi popote," akasema akininyooshea kidole. "Mashine yake ataishika nani?"

"Nitaishika mimi," dada akajibu. "Na mteja akubali kuchukua nusu Ijumaa, nusu Jumatatu."

"Mama, unanipangia biashara yangu?"

"Hapana, bosi. Mapumziko haya ameshayafanyia kazi. Nikimnyima leo, siku nyingine nikiwaomba watu wabaki, nani ataniamini?"

Nikaogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. "Dada, naweza kuahirisha. Korosho zitaningoja."

Akanigeukia. "Korosho zitakungoja, mdogo wangu. Mzee je? Nenda."

Nikaenda. Tuliokota korosho mimi na baba, na jua lilipokuwa kali tukakaa barazani. Hapo ndipo aliponisimulia alivyokwenda kumposa mama yangu akiwa amevaa kanzu ya kuazima, tukacheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Msimu uliofuata baba hakuwepo. Dada naye, nafasi ya umeneja ilipopatikana, bosi alimpa mtu mwingine. Hakutulalamikia hata siku moja. Aliendelea kutupangia ofu zetu.

Siku hizi kazi inamfuata mtu hadi kitandani. Jumapili uko kanisani, au uko shambani na wazazi, grupu la kazini linalia mfukoni: nani yuko karibu, nani anaweza kupita mara moja. Ofu zinarundikana hadi mwenyewe anasahau kwamba anadai. Nikisikia simu yangu ikilia hivyo, natamani mno kuisikia tena ile sauti ya chini ikiniambia, nenda.

Nanyi mnaosimamia watu, nawaomba jambo moja. Mtu akiwapa jioni zake, mrudishieni mapema, wakati nyumbani kwao bado yupo wa kumpokea.